Neno Hili Limetoka Wapi?



Sisi wa mwaka wa mwisho tuko na kazi ya kuandika juu ya historia ya migodi ya kwetu. Tumeona jambo moja: karatasi isiyo na mwaka inadanganya.

Angalieni. Jimbo letu liliitwa Katanga, kisha Shaba toka 1971 mpaka 1997, kisha Katanga tena. Tangu 2015 Kolwezi iko katika Lualaba. Ukiandika tu «mali ya Shaba», msomaji atajua namna gani kama ni jimbo ao ni madini?

Basi, kwa kila buku kamata fishi yake. Mbele ya yote andika mwandishi, jina la buku, mwaka na ukurasa. Maneno ya mwandishi uyatie ndani ya alama. Mawazo yako uyaandike pembeni. Fishi za habari moja zifungwe pamoja.

Na wazee je? Mwaka 1965, huko Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji katika Kiswahili chetu, kwa ajili ya wale waliokuwa maboi wa Wazungu. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa katika kitabu, na jina la Yav liko mule.

Vilevile baba aliyetumika mgodini: tuandike jina lake, kama amekubali, na siku tuliyomsikiliza. Kuchukua neno lake bila kumtaja ni kuiba, sawa na kuiba katika buku.

Tukumbushane.