Tuni Isiyo na Maneno: Safari ya Kikwe

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara kuu iendayo Moshi, utapita Tengeru, halafu Makumira na Usa River. Msafiri mgeni huangalia upande wa kushoto tu, kwa sababu huko ndiko uliko Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, pamoja na miteremko yake ya migomba na kahawa. Upande wa kulia ardhi huteremka taratibu kuelekea tambarare. Joto huongezeka, migomba hupungua, na mahindi na maharage huchukua nafasi. Huko ndiko iliko Kikwe, katika Wilaya ya Arumeru.

Wakati wa kiangazi, pikipiki ikipita, vumbi lake hubaki hewani hadi ipite nyingine. Lakini asubuhi yenye anga safi utasahau vumbi. Meru iko nyuma yako, na upande wa mashariki Kilimanjaro inaonekana kwa mbali. Kando ya njia, akina mama wanakwenda shambani wakiwa na majembe mabegani, na penye mfereji wa maji utawakuta wengine wakisuuza ndoo na kuamkiana.

Mpenzi msomaji, mimi nilikwenda Kikwe kwa ajili ya tuni ya gitaa. Mwenyeji wangu ni mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao. Alikuwa amenieleza kwamba nyumbani kwake wanatafuta nota za tuni moja ya zamani, na kwamba wanaitafuta kwa haraka. Nilitaka kujua kwa nini tuni iharakishwe.

Gitaa la Babu

Jibu lilikuwa limeketi kwenye kiti cha kamba chini ya mwembe. Baba mkwe wake, ambaye watoto wanamwita Babu, alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Mguu umepata nafuu, lakini mkono wa kushoto umebaki mzito. Wanaojua gitaa wataelewa mara moja hasara hiyo. Mkono wa kulia huchuna nyuzi, lakini wa kushoto ndio unaobonyeza shingoni na kuchagua sauti.

Ujanani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Babu alifanya kazi katika shamba la mkonge. Huko alijifunza gitaa kwa mfanyakazi mwenzake na kwa kusikiliza redio. Tuni aliyoipenda kuliko zote ni “Masanga”. Aliipiga jioni baada ya kazi, aliipiga alipooa, na watoto wake wote walilala wakiisikia. Alipougua, alilitundika gitaa ukutani, akawa hataki kuongea na watu.

Mjukuu wake wa mwisho, kijana wa kidato cha tatu, ndiye aliyelishusha. Anapiga gitaa katika kwaya ya vijana na alitaka kuijua tuni ya Babu. Mwanzoni mama yake hakufurahi. Akina mama wengi tunayo hofu hiyo, kwamba gitaa ni njia ya kwenda baa. Baba wa kijana naye alisema muda huo ungefaa kwa kumwagilia nyanya. Lakini Babu aliposikia kwamba mtoto anaitaka “Masanga”, aligeuza kiti akamtazama. Mama aliona hilo, akaamua kumsaidia mwanawe kutafuta.

Tuni iliyosafiri

Wengi wetu tumewahi kuisikia “Masanga” bila kujua ilikotoka. Mtungaji wake ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa wa kabila la Bayeke. Mababu wa watu hao walitoka magharibi ya Tanzania, upande wa Wasumbwa na Wanyamwezi, wakaenda Katanga katika karne ya 19 pamoja na mtawala wao Msiri. Kwa hiyo tuni hii ina undugu na sisi.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, akamrekodi. Mwenda alichuna kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, lakini msikilizaji hudhani wako wapigaji wawili. Gumba linashika besi, na shahada inapiga tuni juu yake. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki, naye mwenyewe alikuja kukaa Nairobi kwa muda na kusikika redioni. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Mwenda aliimba kwa Kiswahili, lakini sifa ya “Masanga” iko katika nyuzi. Hapo ndipo penye shida. Wimbo wenye maneno ni rahisi kuutunza, kwa kuwa bibi akikumbuka beti mbili atamfundisha mjukuu jikoni. Tuni ya gitaa haina maneno ya kushikilia, hukaa vidoleni, na vidole vikizeeka huondoka navyo.

Hata Biblia inatuonyesha hasara hiyo. Juu ya Zaburi ya 22 kuna maelezo kwa mwimbishaji yanayomtaja kulungu wa asubuhi, na wataalamu wengi huelewa kwamba hilo ni jina la tuni. Maneno ya zaburi tunayo hadi leo, lakini tuni yenyewe hakuna anayeijua.

Karatasi ya namba

Binti mkubwa wa mwenyeji wangu anasoma chuo mjini. Yeye ndiye aliyeipata karatasi, akaichapisha kwenye duka la steshenari na kuileta nyumbani. Haikuwa na nota za kawaida. Ilikuwa na mistari sita iliyolala, na juu ya mistari hiyo namba tupu. Uandishi huu huitwa tablatura. Vijana hufupisha na kusema “tabu”, na bibi wa nyumba hiyo alicheka sana aliposikia. “Kumbe mmeileta tabu yenyewe nyumbani!” alisema.

Uandishi huu ni wa kale. Huko Venice, Italia, kitabu cha tablatura kwa ajili ya kinanda cha nyuzi kiitwacho luti kilichapwa mwaka 1507. Maana yake ni rahisi. Kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa. Namba inaonyesha kidole kibonyeze kati ya vyuma gani vya shingoni: 1 ni nafasi ya kwanza, 3 ni ya tatu, na sifuri maana yake uzi uchunwe bila kubonyezwa. Mtu asiyejua nota hata moja anaweza kuanza siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kijana alikwama kwa siku mbili. Ukishika gitaa, uzi mnene ndio ulio juu, karibu na kidevu chako. Katika karatasi mambo ni kinyume: mstari wa juu ni uzi mwembamba kuliko zote, na wa chini ni ule mnene. Alipoigeuza akilini, sauti zikaanza kufanana na tuni.

Babu alisikiliza, akatikisa kichwa. “Sauti nene mno,” alisema. Akaagiza kiletwe kikopo chake cha zamani. Ndani yake kulikuwa na kipande cha penseli na ukanda wa mpira wa tairi. Alimwelekeza mjukuu aifunge penseli ile kukatisha nyuzi zote shingoni, kwenye nafasi ya pili. Namba zilibaki zile zile, ila sauti yote ikapanda. Kijana akapiga tena. Babu akatikisa kichwa kwa mara ya pili. “Vidole viko mahali pake,” alisema, “lakini haitembei.”

Mikono miwili ya watu wawili

Hapo mwenyeji wangu alitambua upungufu wa karatasi. Namba zilimwambia mwanawe mahali pa kubonyeza, lakini karatasi ile haikumwambia kila sauti ikae kwa muda gani. Na “Masanga” bila mwendo wake ni kama ugali usiosongwa: unga upo na maji yapo, lakini hakuna chakula.

Dawa ilikuwa mkono wa kulia wa Babu, ambao ni mzima. Mama aliwaketisha kwenye benchi moja. Gitaa likawa mapajani mwa Babu. Mjukuu aliketi kushotoni kwake, akashika shingo ya gitaa na kubonyeza kwa kufuata namba, huku Babu akichuna kwa gumba na shahada. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Tuni ilianza ikasimama, ikaanza tena. Mara ya nne ilitembea. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni bila kusema neno.

Mama naye alikuwa na daftari la shule. Kwaya yao, kama kwaya zetu nyingi, hujifunza kwa do-re-mi, na katika uandishi huo mapigo huonyeshwa kwa nukta mbili na vistari. Basi chini ya namba za tablatura aliongeza mapigo kwa alama za kwaya. Babu alichuna, naye akahesabu kwa mguu na kuandika. Alikuwa ameunganisha elimu mbili bila mtu kumfundisha.

Inafaa akina mama tujue kwamba msingi wa alama hizo za kwaya uliwekwa na mwanamke. Sarah Glover alikuwa mwalimu katika mji wa Norwich, Uingereza. Alitafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba, akaichapisha mwaka 1835. Mchungaji John Curwen aliichukua, akaiendeleza na kuieneza, na wamisionari wakaileta Afrika. Mama wa Kikwe aliyekuwa akiandika chini ya mwembe alikuwa akitumia kazi ya mama mwenzake.

Tuni mbili

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Walipofika katikati, Babu aliiacha karatasi, akaanza kuchuna kwa mpangilio mwingine na kumwambia kijana vidole vyake viende wapi. Kijana akamwambia kwa adabu, “Babu, karatasi haisemi hivyo.” Babu akajibu, “Hiyo ni ya Mwenda. Hii ni yangu. Niliitengeneza usiku aliozaliwa baba yako.”

Mama alikaa kimya kidogo. Ile karatasi waliyoihangaikia inatunza upigaji wa mtu mashuhuri. “Masanga” ya Mwenda haipotei kwa urahisi. Santuri zipo, na mapema miaka ya 1960 mtaalamu wa London, David Rycroft, alikwisha kuchunguza upigaji huo na kuuandika nota kwa nota. Lakini kipande cha Babu hakiko katika santuri wala katika kitabu chochote. Kiko katika mkono wa kulia wa mzee mmoja wa Kikwe na katika kumbukumbu yake.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari. Juu ya ule wa kwanza aliandika “Ya Mwenda”, na juu ya huu “Ya Babu”. Akachora mistari sita kwa rula.

Si mbali na hapo, Makumira, mmisionari Mmarekani Howard Olson alifundisha kwa miaka mingi. Yeye alisikiliza tuni za makabila yetu wakati makanisa mengi yalikuwa yakiimba hasa tuni za Ulaya. Alizikusanya pamoja na maneno ya Kiswahili katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu, na nyingine zimefika hata katika vitabu vya nyimbo vya nchi za mbali. Zilifika huko kwa sababu mtu aliziandika wakati waimbaji wake walikuwa hai. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanyika hata nyumbani.

Kwa akina mama wenye wazee nyumbani

Pengine kwako hakuna gitaa. Labda kuna marimba, zeze, filimbi, au bibi anayejua kibwagizo cha kubembeleza watoto kisicho na maneno. Mambo niliyoyaona Kikwe yanaweza kukusaidia.

Anza na mzee mwenyewe kabla ya kutafuta karatasi, kwa sababu karatasi utakayoipata itakuwa ya mtu mwingine. Rekodi kwa simu, naye akipiga polepole, halafu kwa mwendo wake wa kawaida. Mpige picha mikono yake kwa karibu, ili vidole vionekane. Andika mahali pa vidole na mapigo pia, maana kimoja bila kingine hakitoshi. Andika jina lake, mwaka, na alikojifunzia. Na kama mkono wake mmoja hauwezi tena, mpe wa mtoto.

Tuliketi hadi jua lilipoanza kushuka na Meru ikajifunika mawingu. Sehemu ya kwanza ya tuni ya Babu ilikuwa imeandikwa mistari miwili na nusu. Babu alisema amechoka, wataendelea Jumamosi. Kijana alikwenda kumwagilia nyanya bila kukumbushwa. Mama alilifunga daftari, akalitia katika mfuko wa nailoni ili mvua isilifikie, akaliweka kabatini kando ya kitabu cha nyimbo.