Miti Yetu Hufa Mwezi wa Sita

Wiki ya kwanza ya kila mwaka wa masomo, klabu za hapa chuoni hupanga meza nje ya bwalo na kuita wanachama wapya. Mazingira wapo, Msalaba Mwekundu wapo, wachangia damu wapo, na kila meza ina tisheti za kuuza. Ukisogea unaulizwa kama uliwahi kuwa kwenye klabu sekondari, na wengi wetu tunajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Kweli tulikuwa. Tulipanda miti, tulifagia soko, tulipiga picha na mgeni rasmi, na cheti kipo kwenye bahasha ya kuombea kazi. Swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye meza zile ni dogo tu: likizo mlikuwa mnafanya nini?

Mimi ni wa Ikungi, mkoa wa Singida, na shule niliyosoma ilikuwa ya kata, ya kutwa, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Dodoma. Klabu yetu ilikuwa ya mazingira. Klabu za namna hii kwetu Tanzania si mgeni wa jana. Skauti wapo tangu ukoloni, na Roots & Shoots, ambayo leo imeenea nchi nyingi duniani, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall alipokaa na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo sibezi klabu. Nilichojifunza ndani ya ile ya kwetu nimekuja kukitumia kuliko somo la saikolojia ya elimu, na mhadhiri wangu anisamehe.

Sasa, ili unielewe lazima ujue kalenda ya kwetu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, na mkoa unapata kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka mzima. Zikikatika zimekatika. Klabu inapanda Januari, miche inashika, Machi inapendeza kabisa, na mgeni akija wakati huo ataandika maneno matamu kwenye kitabu cha wageni. Halafu unakuja upepo. Mtu ambaye hajakaa Singida kati ya Juni na Agosti hawezi kuujua: unakausha nguo, unapasua midomo, na mche wa miezi mitano, ambao mizizi yake bado iko juujuu, unaukausha ukiwa umesimama. Wakati huohuo shule zinafungwa.

Kana kwamba hiyo haitoshi, mwezi wa sita ndio mavuno ya alizeti, uwele na mtama yanatoka shambani, na yakishatoka mifugo inaachiwa ile mabua. Ndio utaratibu wetu, hakuna anayemlalamikia mwenzake. Ila mbuzi hana habari kwamba kiwanja cha shule si shamba lililovunwa. Mwarobaini anauonja na kuondoka. Mjohoro anaumaliza.

Mwaka 2019, nikiwa kidato cha tatu, tulikuwa tumepanda miche 200. Kufikia likizo ya Juni iliyokuwa hai ilikuwa kama 140. Kwenye daftari la klabu tulikuwa wanachama 43. Jumatatu ya kwanza ya likizo tulifika 11, na tisa kati yetu walikuwa wasichana. Mlezi wetu alikuwa likizo na yeye, ni haki yake. Wavulana wengi walikuwa shambani wanapiga alizeti au wanachunga, wachache walikuwa wamepanda basi kwenda kwa ndugu Dar es Salaam kutafuta hela ya daftari. Waliobaki walikuwa watoto wa vijiji vya mbali ambao muhula ukiwepo hupanga geto karibu na shule. Likizo ikifika wanarudi kwao, na huwezi kumwambia mtu atembee saa tatu kuja kumwagilia mjohoro.

Tukapiga hesabu ya maji. Tungeamua kuipa miche yote 200 lita tatu tatu, mara mbili kwa wiki, kama tulivyoelekezwa siku ya kupanda, zingekuwa lita 1,200, yaani madumu 60 ya lita ishirini. Hata kwa 140 yalikuwa madumu 42. Maji ni ya pampu ya mkono, dumu shilingi 50, mwendo wa dakika ishirini na tano kwenda tu. (Watu wa hapa huniambia, si mna maziwa pale Singida mjini? Yapo, Singidani na Kindai, mazuri kuyatazama na ndege wake. Maji yake ni ya chumvi. Jaribu kumwagilia mche nayo uone.)

Siku ya kwanza tulifika pampuni asubuhi tukiwa na madumu kumi, tumejipanga foleni kwa nidhamu ya klabu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yetu alitutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wanangu, hayo maji ni ya wapi?"

"Ya miti ya shule, mama."

"Ya miti." Akageuka kwa wenzake. "Jamani, mti unakunywa kabla ya mjukuu wangu."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Akatuuliza tena kivuli cha hiyo miti atakaa nani, na maji ya nyumbani kwetu siku ile anachota nani. La kwanza tulilijibu. La pili tulitazamana. Kila msichana pale alijua jibu: asubuhi ile maji ya nyumbani kwao anachota mama, au mdogo wake wa kike, kwa sababu yeye yupo hapa anachota ya klabu.

Hili nimelifikiria sana tangu nianze kusomea ualimu. Tunafundishwa kwamba kujitolea ni kutoa muda wako na nguvu zako bila malipo. Sawa. Lakini muda wa binti wa Ikungi mwezi wa sita si wake. Umeshagawanywa kabla hajaamka: maji, kuni, alizeti, mdogo wake wa mgongoni. Akiutoa kwa klabu, kuna mtu nyumbani anaulipia. Mama yangu alinikubalia niende Jumanne na Ijumaa, kwa sharti kwamba pipa la nyumbani lijae kwanza. Maana yake niliamka saa kumi alfajiri. Mdogo wangu, wakati ule darasa la nne, alishika zamu yangu ya vyombo likizo nzima. Cheti kilipotoka kilikuwa na jina moja.

Pale shuleni tulikaa kikao chini ya mkungugu, na kikao kilikuwa kikali. Mimi na wasichana wengine wanne tulisema tuchague miche ambayo tunaiweza, iliyobaki tuiache na bahati yake. Mwenyekiti wetu hakutaka hata kusikia. Hoja yake ilikuwa kwamba taarifa ilishapelekwa, imeandikwa 200, na mtu akija kukagua akikuta 60 tutaonekana wazembe. Hoja haikuwa ya kijinga. Shule nyingi zinapimwa hivyo, kwa idadi ya siku ya kupanda. Lakini taarifa haimwagiliwi. Dada mmoja wa kidato cha nne, mpole ambaye kwa kawaida haongei vikaoni, ndiye aliyemaliza ubishi: "Basi mwenyekiti, kesho njoo na baiskeli ubebe madumu manne manne." Mwenyekiti alikuwa na baiskeli. Tukachagua 60, iliyo karibu na madarasa.

Kisha tukaenda barabarani kuokota chupa. Hili wazo lililetwa na kijana mmoja aliyeliona kwa mjomba wake. Mabasi ya Dodoma, Mwanza na kwingineko yanapita pale mchana kutwa, na abiria wakimaliza maji chupa inatoka dirishani. Kwa mara ya kwanza uchafu wao ukatufaa. Unachukua chupa ya lita moja na nusu, unakata kitako, unatoboa kizibo kwa sindano iliyopashwa moto, unaichimbia kichwa chini karibu na shina, unajaza maji. Maji yanatoka kidogokidogo chini ya udongo, upepo hauyapati. Miche 60, lita moja na nusu, mara mbili kwa wiki: lita 180. Madumu tisa. Kutoka 60 tuliyoanza nayo kwenye karatasi hadi tisa, shilingi 450 kwa wiki, tunachota saa kumi na moja jioni foleni ikishaisha. Yule mama hakutupongeza. Alinyamaza tu, na kwenye pampu ile kunyamaza ni ruhusa.

Mbuzi tuliwazuia kwa miiba. Kila Jumamosi wavulana walikuja na mapanga kukata matawi ya migunga na kuzungushia, ingawa nakiri waliuliza kwanza kama uji upo.

Desemba, mvua iliporudi, kwenye ile 60 tulihesabu 41. Kwenye ile tuliyoiacha, miarobaini tisa ilikuwa imejipigania yenyewe. Msimu uliofuata hatukujaza kiwanja tena. Kila mwanachama alipewa miche mitano apande kwao, karibu na bafu au chini ya kichanja cha vyombo, mahali ambapo maji yaliyokwisha tumika yanamwagwa hata hivyo. Hapo mti haushindani na mjukuu wa mtu. Mwarobaini wetu wa bafuni leo unakaliwa na mama na wageni wake, na mdogo wangu anadai ni wake. Simbishii.

Mwaka wa kwanza hapa chuoni rafiki yangu alinialika kwao Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma, ambako ukame ni uleule tu. Baba yake alinionyesha shamba lenye miti iliyozidi urefu wangu, akasema hakuna hata mmoja uliopandwa. Wanaita kisiki hai. Mti uliokatwa zamani, mizizi yake bado inaishi chini na kila mwaka inatoa machipukizi mengi kama kichaka. Unachagua machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa watu wajue unatunzwa, unaulinda na mifugo. Mizizi tayari imefika kwenye unyevu, kwa hiyo huhitaji dumu hata moja. Njia hii ilipata umaarufu Niger, alikoanza kuieneza Tony Rinaudo kutoka Australia mwaka 1983, na Dodoma imesambazwa sana na LEAD Foundation tangu 2018. Ila wazee wa huku kwetu walikuwa na ndugu yake: Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yatunzwe kwa kiangazi, na mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliijenga juu ya desturi hiyo.

Nilisimama kwenye lile shamba nikiwa na hasira kidogo. Visiki vya namna hiyo Ikungi vimejaa. Tunavikata upya kila tunapoandaa shamba. Klabu ya wanafunzi 11 na mapanga manne ingeweza kuhudumia eneo kubwa kwa likizo moja, bila kumgusa mtu pampuni. Kwa nini klabu nyingi hazifanyi? Nadhani ni kwa sababu kisiki hakina sherehe. Mgeni rasmi hawezi kukipanda. Ukimpa mkasi apogoe, picha inatoka amejikunja.

Sisi wa ualimu ndio tutakaopewa ulezi wa klabu hizi, mara nyingi kwa sababu ni wageni shuleni na hatuna wa kumpa. Wengine tutaanza hata kabla ya ajira. Nina kaka na dada waliohitimu wanaojitolea kufundisha shule za kata mwaka wa pili sasa, kwa nauli inayochangwa na wazazi. Kazi yao naiheshimu, watoto wasingekuwa na mwalimu wa hesabu. Lakini kila nikisikia wahitimu wanaambiwa jitoleeni, uzoefu utawalipa, nasikia lile swali la pampuni: na maji ya kwenu anachota nani? Kijana wa miaka 25 anayefundisha bure anakula kwa mtu. Huyo mtu angalau atajwe.

Mafunzo yangu ya vitendo ya mwaka huu nimepangiwa shule moja ya sekondari wilayani Mkalama. Mwalimu wa mazingira wa pale tumeshaongea kwa simu, mtu mchangamfu. Ameniambia wana mpango wa kupanda miche 300 Januari, na kwamba nikifika nitamsaidia kuandaa kitalu. Nikamwomba vitu vitatu: wanafunzi wangapi wanaishi geto, pampu iko umbali gani, na kama nje ya uzio wa shule kuna visiki vinavyochipua. Alicheka, akasema mwanafunzi wa fildi ana maswali kama mkaguzi, lakini atanitumia majibu. Mpaka naandika hapa ametuma moja. Pampu ipo, dakika kumi na tano kutoka shuleni, na imeharibika tangu Machi.