Shtaka Bila Hakimu

Shangazi yangu ni mtunzi wa nyimbo. Siku moja nilimpiga video akiimba wimbo wake mwenyewe, na kwa idhini yake nikaiweka katika mtandao. Miezi michache baadaye video iliondolewa. Mtu nisiyemjua alidai kuwa wimbo ule ni mali yake. Shangazi aliniuliza, "Mwanangu, tangu lini mwizi akamshtaki mwenye mali?"

Nilitafuta jibu katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ambayo kampuni ile huifuata. Kampuni si hakimu. Ikipata lalamiko lililotimia, huiondoa kazi upesi ili isibebe lawama ya mtumiaji wake. Lakini sheria hiyo hiyo humpa mshtakiwa nafasi ya kujibu. Hutaja jina na anwani yake, hukubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani, na huapa kuwa anaamini kwa nia njema kwamba kazi iliondolewa kwa makosa. Akiapa uongo, anaweza kuadhibiwa. Mlalamishi asipofungua kesi, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi.

Niliogopa kutia sahihi. Mahakama ya mbali ni neno zito kwa mtu mnyonge. Shangazi akasema, "Ukinyamaza, umemshuhudilia mwizi." Nikatia sahihi. Kesi haikufunguliwa, na wimbo ulirudi.

Tangu siku hiyo simshtaki mtu kwa dhana, wala siachi haki yangu kwa hofu. Sheria hufungua mlango, lakini haimshiki mtu mkono kumwingiza.