Njia Isiyopigwa Ngoma

Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu wetu alitusimulia hadithi ya mpiga filimbi wa Hameln, nasi tukatamani kuuona mji ule. Hata tulipopata safari ya Ujerumani, tuliuendea kabla ya miji mikubwa. Uko kando ya mto Weser.

Yasimuliwa kwamba panya walizidi mjini, akaja mgeni, akapatana na wakubwa ujira wake. Akapiga filimbi, panya wakamfuata mtoni, wakafa maji. Lakini wakubwa wakamnyima ujira. Basi tarehe 26 Juni, mwaka wa 1284, akapiga tena. Watoto 130 wakamfuata, wasionekane tena. Habari ya panya iliongezwa katika karne ya 16. Ile ya watoto ni ya kale zaidi.

Iko njia moja nyembamba ambamo hata leo ngoma wala filimbi haipigwi, maana ndimo watoto walimopita. Hata arusi ikipita, wapigaji hunyamaza.

Tuliposimama pale, tulimkumbuka mwanafunzi wetu mmoja. Tulimwahidi kitabu akifaulu hesabu. Akafaulu, nasi tukasema, "Kesho," hata akaacha kuuliza. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Katika njia ile tuliona ya kuwa mdai aweza kuwa mtoto.

Tuliporudi nyumbani, kabla ya kula, tulimpelekea kitabu chake. Alikipokea kwa mikono miwili, asiseme neno.