Mzee wa Paris na Picha za Vioo

Katika mji wa Paris, katika njia iitwayo rue Campagne-Première, alikaa mzee mmoja jina lake Eugène Atget. Alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Libourne, akafiwa na wazazi wake angali mtoto mdogo. Alipokua akawa baharia, kisha akawa mwigizaji, wala katika kazi hizo mbili hakupata sifa wala mali. Umri wake ulipopita miaka thelathini alishika kazi ya kupiga picha, na kazi hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake. Mlangoni pake alitundika kibao kuwajulisha watu kwamba auza picha za kuwasaidia wachoraji.

Siku zile sehemu za kale za Paris zilikuwa zikibomolewa ili zijengwe nyumba mpya na njia pana. Atget aliona kwamba vitu vingi vitatoweka kabla ya mtu kuviweka katika kumbukumbu: milango ya kuchongwa, ngazi, visima, vibao vya maduka. Basi kila alfajiri alitoka na mzigo wake begani. Kamera yake ilikuwa sanduku kubwa la mti, lenye mikunjo kama mivukuto ya mhunzi, ikisimama juu ya miguu mitatu. Picha haikuingia katika utepe mwembamba, bali katika bamba la kioo lenye upana wa sentimita 18 na urefu wa sentimita 24. Kila picha ilikuwa bamba moja zima, na kioo ni kizito, tena huvunjika. Mtu mwenye kuchukua mzigo wa namna hiyo hapigi picha ovyo.

Alipofika mbele ya maduka alikutana na jambo linalowaudhi wapigaji picha wote. Kioo cha dirisha huonyesha kilichomo ndani, tena hurudisha sura ya vilivyo nje. Mwaka 1925, katika avenue des Gobelins, alisimama mbele ya duka la nguo za kiume. Ndani ya dirisha palisimamishwa sanamu zilizovikwa suti, kila moja na bei yake. Lakini juu ya sanamu hizo kioo kilikuwa kimechukua miti ya njiani na jengo kubwa la ng'ambo, ndilo karakana ya Gobelins ambayo kwa mamia ya miaka watu hufuma humo mazulia ya ukutani. Atget akapiga picha. Mwenye kuitazama huona sanamu zimesimama katikati ya matawi, zikitabasamu, na jengo la mawe limepita vifuani mwao kama moshi.

Mtu asidhani kwamba picha hiyo ni rahisi. Ikiwa mpigaji picha yuko mita 2 mbele ya kioo, na mti uko mita 10 mbele ya kioo hicho, sura ya mti huonekana kana kwamba iko mita 10 nyuma ya kioo. Kwa hiyo kamera lazima iupime mti kwa mita 12, si kwa mita 2. Akikipima kioo chenyewe, mti utakuwa ukungu mtupu. Akiupima mti, huenda sanamu iliyo karibu ikapoteza macho na pua. Dawa yake ni kuupunguza mno mwanya wa kupitishia mwanga, ndipo vya karibu na vya mbali vyote huonekana wazi. Lakini mwanya ukiwa mdogo bamba hutaka muda mrefu, na katika muda huo upepo hutikisa majani na watu hupita. Tena kioo cha dirisha kikitazamwa kwa kukikabili hurudisha kama sehemu 8 tu katika kila sehemu 100 za mwanga. Nuru hafifu namna hiyo huonekana mahali penye giza nyuma yake. Juu ya koti jeusi mti huonekana vizuri. Juu ya shati jeupe hupotea.

Mtu asiyetaka sura hizo anaweza kuzipunguza. Mfaransa mwingine, Malus, mwaka 1808, akiwa katika mji uohuo wa Paris, alilishika jiwe linalopitisha mwanga akalitazamia jua la jioni liliponga'a katika madirisha ya kasri la Luxembourg. Jiwe lile likamwonyesha sura mbili za mng'ao, na alipoligeuza, moja ikafifia na nyingine ikazidi. Kutokana na elimu hiyo vimetengenezwa vichujio ambavyo wapigaji picha wa leo huvitia mbele ya kamera na kuvizungusha, mng'ao wa kioo au wa maji ukapungua. Atget alipiga picha zake pasipo kichujio cha namna hiyo.

Katika maji alifanya kazi iyo hiyo, na pengine nzuri kuliko ile ya madirisha. Alikwenda mara nyingi katika bustani za kifalme za Saint-Cloud, na mwaka 1925, naye ana miaka 68, alikwenda Sceaux, bustani iliyokuwa imeachwa ikamea magugu. Kuanzia Machi hata Juni alipiga picha 66 huko, na juu ya baadhi yake aliandika saa, yaani saa za asubuhi mapema. Sababu yafahamika: wakati huo upepo umelala. Maji yakitazamwa wima kutoka juu hurudisha sehemu 2 tu katika 100, lakini yakitazamwa kwa mbali na kwa kuinama hurudisha nyingi sana. Ndiyo maana mtu aliye ukingoni huona mchanga karibu na miguu yake, na miti iliyopinduka kule mbali.

Wako wasemao kwamba sura za vioo zilimjia Atget kwa bahati tu. Neno hilo ni gumu kulikubali. Mtu aliyejua kungoja saa ya maji kutulia hakushindwa kujua saa ambayo dirisha halionyeshi kitu.

Vita vya mwaka 1914 vilipokuja aliyaficha mabamba yake chini ya nyumba. Mwana wa mwanamke aliyeishi naye aliuawa vitani. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa mabamba 2,621 kwa faranga 10,000, asije akafa yakatupwa. Katika njia yake alikaa Mmarekani Man Ray, aliyenunua baadhi ya picha zake, na nyingine zikatiwa katika gazeti mwaka 1926. Lakini mzee alikataa jina lake lisiandikwe. Mwanamke aliyeishi naye alifariki mwaka huohuo.

Msichana Mmarekani, Berenice Abbott, msaidizi wa Man Ray, alizipenda mno picha hizo. Mwaka 1927 alimwomba mzee aje apigwe picha. Akaja amevaa koti lake zuri, si nguo zake za kazi zenye viraka. Abbott alipokwenda kumwonyesha picha zile, aliambiwa kwamba mzee amekwisha kufa, mwezi wa Agosti. Basi akafanya bidii kutafuta fedha, na mwaka 1928 akayanunua mabamba na picha zilizobaki nyumbani, akazichukua mpaka New York. Kwa miaka arobaini alizitunza na kuwaonyesha watu, hata mwaka 1968 zikanunuliwa na jumba la makumbusho la Museum of Modern Art.

Kuna picha ya mwaka 1908 ya mlango wa nyumba ya vinywaji iitwayo Au Tambour. Nyuma ya kioo watu wanatazama nje kwa udadisi. Katika kioo hichohicho yaonekana kamera juu ya miguu yake mitatu, na kando yake, kama kivuli, Atget mwenyewe.