Kuishi juu ya masua: jiko, kitanda na esansi mahali pamoja

Wasikilizaji wengi wananiuliza: kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kwa masua ni siku ngapi? Ninawajibu: usihesabu siku, hesabu chakula. Mto kati ya miji hiyo miwili una urefu wa kilometa 1,734 hivi. Kushuka kunaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Kupanda kunachukua muda mrefu zaidi, na maji yakipungua masua inakwama kwenye mchanga, mnalala pale mpaka itoke.

Kwa hiyo masua si gari. Ni mtaa. Watu wanapika, wananyonyesha, wanafua, wanauza sabuni, wanagombana na kupatana. Nimesafiri njia hii zaidi ya mara moja kwa kazi, na kila mara ninaona kitu kimoja: maisha yanategemea yale abiria wanapatana siku ya kwanza.

Kwanza ni mahali. Ukifika mapema unapata nafasi chini ya bashi. Ukichelewa unalala juu ya magunia ya mahindi, na mvua ikija ni yako. Kaa mbali na mashine, kwa sababu ya moshi na kelele, na mbali zaidi na mapipa ya esansi na mazuti.

Pili ni maji. Wote wanachota mtoni, na choo kinaanguka mtoni vilevile. Masua ikitembea, chota mbele, kwa sababu choo kiko nyuma. Ikisimama, hakuna mbele wala nyuma: maji ni yale yale. Chemsha au tia dawa. Kipindupindu kinafuata mto huu kama sisi.

Chakula hakikosi kama una kitu cha kubadilisha. Karibu na Isangi, Basoko, Bumba au Lisala, mitumbwi inakuja na kujifunga pembeni wakati masua inaendelea kutembea. Mama wa kijiji anatoa samaki wa kukaushwa, ndizi na kwanga. Wewe unatoa chumvi, sabuni, mabetri au nguo za watoto. Chumvi kidogo mfukoni inaweza kukusaidia zaidi ya franka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma: moto. Mwezi wa Aprili 2025, masua moja ya mbao iliwaka karibu na Mbandaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mkuu mmoja wa usafiri wa mto alieleza kwamba moto ulianza mahali mtu alikuwa anapika. Wengi walimlaumu yule mpishi. Mimi ninauliza: angefanya nini? Mama mwenye watoto wanne hawezi kukaa wiki mbili bila kuwasha mbabula. Lazima apike. Ubaya ni kwamba jiko, kitanda na esansi vinawekwa juu ya mbao zile zile, na hakuna anayesema neno.

Katika safari moja, wamama walisema. Kabla masua haijapita Isangi, mama mmoja muuza samaki aliwakusanya wenzake. Walichagua kona moja ya kupikia, upande wa mbele, mbali na mapipa. Walimwaga mchanga chini ya mbabula, wakaweka ndoo mbili za maji ambazo hakuna ruhusa ya kuoga nazo. Jua likizama, makala yanazimwa yote. Wanaume wawili walinung'unika juu ya chai ya usiku. Hawakuipata. Tulifika wote.

Ninaandika haya hasa kwa ajili ya familia zilizokimbia vurugu za Lubunga na vijiji vya jirani, zinazotaka kufuata ndugu zao huko chini. Wahami wa vita wanapanda na godoro, sufuria na watoto, mara nyingi wa mwisho, na wanapewa nafasi mbaya kuliko zote, karibu na mapipa. Msikubali kimya kimya. Ongeeni na mkubwa wa masua kabla ya kulipa.

Uliza mambo manne. Jile za kuokoa maisha ziko wapi, na za watoto zipo? Esansi imewekwa upande gani? Watu wanapikia wapi? Na jina langu limeandikwa kwenye liste, pamoja na majina ya watoto? Masua ikizama bila liste kamili, hakuna anayejua watu wangapi wa kutafutwa, na ndugu wanabaki kulia bila jibu.

Kukagua haya ni kazi ya serikali bandarini, na tutaendelea kuidai kwenye redio. Lakini mkisha kutoka bandarini, mmebaki ninyi kwa ninyi. Anayepanda wiki hii, apate ndoo yake ya mchanga mapema. Safari njema.