Kwa Baiskeli Hadi Newala
Msafiri aondokaye Masasi kwa baiskeli huyaacha nyuma majabali ambayo kando yake, mwaka 1876, wamisionari Waanglikana waliweka makazi ya watumwa walioachwa huru. Mikorosho humsindikiza hadi mlimani. Hapo mpanda baiskeli hugeuka msukuma baiskeli, wala asione haya. Juu ya Uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, na chemchemi zimo mabondeni. Kabla ya mabomba kuanza kuwekwa miaka ya 1950, akina mama waliipanda miteremko hiyo na mitungi kichwani. Basi, ndugu msomaji, jaza chupa zako Masasi, usiwapunguzie wenyeji maji yao. Newala, simama Shimo la Mungu: chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji.